Kebo Aliyoichana Bun-hiong

Siau Bun-hiong alikuwa mtu wa kuongea na mashine. Waliomjua pale soko la kompyuta la Kuang-hua, enzi lilipokuwa bado chini ya daraja la barabara, wanamkumbuka ameinamia kompyuta iliyo wazi tumbo, miwani imemteremka puani, akisema kwa sauti ya chini, "Haya, niambie jina lako. Niambie unaweza nini." Wateja wapya walidhani anasema nao. Wazoefu walivuta kigoda wakangoja, kwa kuwa walijua mashine ikishamjibu atainua kichwa na kuwaeleza kila kitu, hata wasichouliza.

Hakuwa mtu wa kuandikwa magazetini. Alisoma shule ya ufundi, akaenda jeshini kama wenzake wote, akarudi Taipei na kukodi kibanda kati ya muuza vitabu vikuukuu na Chua, muuza feni za kompyuta. Hakuoa. Jumapili alipanda treni hadi Tamsui kuimba besi katika kwaya ya kanisa alimobatizwa, kisha anakula kwa baba yake uji wa mchele na mayai yaliyokaangwa na figili kavu. Jumatatu anarudi kwa mashine zake. Mungu alimpa maisha membamba, naye aliyajaza.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuzipatanisha diski na kadi zinazoziendesha.

"Ukiwasha," alikuwa akisema, mkono mmoja juu ya diski na mwingine juu ya kadi, kama mchungaji na maharusi, "kadi inauliza: wewe nani, na unabeba data kwa mwendo gani? Diski inajibu bila kuficha. Naweza taratibu, neno moja moja, kila neno lipite mikononi mwa prosesa. Naweza haraka, mzigo uende moja kwa moja kwenye kumbukumbu. Naweza haraka zaidi ya hapo. Kadi nayo inajitazama. Kisha wanachagua mwendo mkubwa kuliko yote ambao wote wawili wanauweza. Basi, safari."

"Na kebo je?" mteja mmoja aliwahi kumuuliza. "Si ndiyo inayopitisha?"

"Kebo haiulizwi, mama. Kadi inapapasa waya mmoja tu. Ikiukuta umefungwa panapotakiwa, inasema hii ni kebo ya kisasa, twende mbio. Waya mmoja unazisemea zote."

Majira ya joto ya mji ule ni ya kuoka mtu. Ndani ya kompyuta kebo zilikuwa bapa na pana kama mshipi, zikiziba upepo wa feni, na diski zilikuwa zikiungua. Ndipo mafundi wa soko wakaanza mtindo wa kuzichana. Unachukua wembe, unapita katikati ya nyaya kutoka mwanzo hadi mwisho, unazikusanya nyaya zote pamoja, unazifunga kwa utepe wa plastiki wa rangi. Kebo inakuwa ya mviringo, nyembamba, upepo unapita, na mteja akiichungulia anafurahi. Mkono wa Bun-hiong ulikuwa mwepesi kuliko wote. Hakuwahi kukata waya.

"Huyu A-Hiong angezaliwa zamani angekuwa mpasua mianzi," Chua alikuwa akiwaambia wateja. "Au kinyozi wa wafalme."

Lakini kebo ya kisasa ina siri yake. Kati ya kila nyaya mbili zinazosema, watengenezaji waliweka waya mwembamba usiosema, kazi yake kuwazuia majirani wasisikilizane. Ukiichana na kuikunja, wanaosema wanalala ubavu kwa ubavu, kila mmoja anasikia la mwenzake. Na ule waya mmoja unaopapaswa na kadi unabaki pale pale, unatoa ushuhuda kwamba kila kitu ni salama. Bun-hiong aliyajua haya kama anavyoijua Sala ya Bwana. Lakini soko zima lilichana, na mashine ziliwaka, zikapoa, zikaenda. Mtu anaona jambo halimdhuru kila siku, anaacha kuliogopa.

Sasa baba yake. Mzee Siau Kheng-su alikuwa karani wa posta mpaka kustaafu, na mzee wa kanisa. Hakuwa na elimu ya dini, ila alikuwa na sauti. Kwa miaka mingi hapakufungwa ndoa katika kanisa lile bila yeye kusimama mwishoni, baada ya mchungaji, na kuwaombea maharusi baraka kwa maneno yake mwenyewe. Watu walilia, hata wasioamini. Aliwaombea watoto wa majirani, wajukuu wa marafiki, na yatima mmoja aliyeolewa bila ndugu. Aliyebaki alikuwa binti yake wa mwisho, Siok-chin, aliyekuja uzeeni na kumpoteza mama yake akiwa mdogo.

Siok-chin alipochumbiwa, mzee alikuwa ameanza kukwaruza. Hospitali wakaona uvimbe kooni, wakasema koo la sauti litolewe lote, na mapema. Mzee hakuuliza kuhusu kufa. Aliuliza kuhusu harusi.

Ingewezekana kuiwahisha, ifungwe kabla ya operesheni. Lakini mwezi wa saba wa kalenda ya mwezi ulikuwa umeshaingia, na wazazi wa bwana harusi ni watu wa mahekaluni. Kwao mwezi ule mizimu imefunguliwa milango, hakuna anayeoza mtoto. Mama mkwe alikuja mwenyewe Tamsui na sanduku la keki za nanasi, akainama mara nyingi.

"Mzee Siau, nisamehe. Mimi ningekubali. Ila shangazi za mwanangu wakisikia, mtoto wako ndiye atakayelaumiwa kila mumewe akipata mafua."

"Naelewa, mama," mzee alisema kwa sauti ya mkwaruzo. "Mtoto asianze ndoa na lawama."

Daktari hakuweza kungoja mwezi wa nane, na shangazi hawakuweza kukubali wa saba. Hivyo ndivyo Bun-hiong alivyoamua kumtengenezea baba yake kompyuta, arekodi humo baraka ya harusi kabla sauti haijaondoka.

Alitia kila kizuri alichokuwa nacho. Diski mpya kubwa. Kadi ya kuongezea yenye mwendo wa juu kuliko zote zilizokuwa sokoni. Kebo aliichana mwenyewe kwa wembe mpya, akaifunga utepe wa buluu, rangi aliyoipenda baba yake. Ilipowaka, kadi na diski ziliulizana, zikajibizana, zikakubaliana mwendo wa mwisho kabisa, na Bun-hiong akacheka peke yake.

Jioni ya kurekodi walifunga madirisha ili pikipiki zisisikike. Siok-chin alitumwa kununua vibonge vya samaki vya kutia kwenye supu na akaambiwa asiharakishe. Mzee alivaa koti.

"Baba, hawakuoni. Ni sauti tu."

"Huko ninakosema nao wananiona," mzee alijibu, akafunga vifungo.

Aliomba kwa muda mrefu. Sauti ilikwaruza mwanzoni, kisha ikafunguka, ikawa ile ile. Bun-hiong alikuwa ameelekea ukutani, vidude vya masikioni viko pembeni, kwa sababu mzee alimwamuru asisikilize. Alipomaliza, Bun-hiong alitaka kuinakili kwenye sidii.

"Acha," mzee alisema. "Ukiinakili utaisikiliza. Na mdogo wako ataikuta, ataisikiliza. Baraka haichunguliwi kama chungu cha wali. Ikae humo mpaka siku yake."

"Baba, mashine ni mashine."

"Si umeitengeneza wewe?"

Bun-hiong akarudisha sidii tupu mfukoni. Aliiacha.

Operesheni ilikwenda salama, namshukuru Mungu. Mzee alirudi nyumbani na tundu shingoni lililofunikwa kitambaa cheupe, na kibao cha watoto cha kuandikia na kufuta. Mchana Siok-chin akiwa kazini kwenye shule ya chekechea, mzee alikuwa akiwasha kompyuta, akifungua faili, akijisikiliza. Yeye alijiruhusu. Nani angemnyima?

Ndipo mashine ikaanza kuganda. Kwenye kebo ya buluu nyaya zilisikilizana, maneno yakafika yamechanganyika, na diski na kadi, ambazo hukagua kila mzigo, zikawa zinaukataa na kuutuma tena, na tena. Mashine nyingine ingechoka na kushuka mwendo wa polepole yenyewe. Kadi ile ya haraka haikuwa na adabu hiyo. Iling'ang'ania mwendo iliokubaliana. Picha inasimama, kipanya hakisogei, taa nyekundu inawaka bila kupepesa.

Pale sokoni simu ya kibandani ililia.

"Halo?" Bun-hiong alisema. "Halo? Nani?"

Upande wa pili palikuwa na upepo tu, unaingia na kutoka.

"Nani, mwenzangu?" Chua aliuliza.

"Sijui. Anapumua."

"Jamani! Mdogo wako anaolewa, na wewe umeanza kupigiwa simu za kupumuliwa. Muulize ana dada yake, nipatie na mimi."

Majirani wakacheka. Bun-hiong naye akacheka, akakata. Ikalia tena kesho yake, upepo ule ule, akasema, "Bwana, watu tuna kazi," akakata tena.

Jumapili baada ya ibada alimkuta baba yake amekaa mbele ya kioo cheusi, mikono magotini. Mzee aliandika kwenye kibao: *Imekufa. Inagonga gonga.*

"Tangu lini, Baba? Kwa nini hukuniita?"

Mzee akafuta, akaandika: *Nilikupigia. Ulikata.*

Bun-hiong alisoma, akakaa chini sakafuni.

Mzee akafuta tena, akaandika polepole, na hapo ndipo fundi akaelewa yote. Kila ilipoganda, mzee alichomoa plagi ukutani. Akachomeka. Ikiganda, akachomoa. Hakuwa na wa kumuuliza na hakuwa na sauti ya kuuliza, na siri hakutaka binti yake aijue. Kila mara umeme ulipokatika ghafla, kichwa cha kusomea ndani ya diski kilianguka kikiwa bado juu ya sahani inayozunguka, na siku moja kikakwaruza.

*Imo bado?* mzee aliandika.

"Imo, Baba," alisema Bun-hiong. "Nitaitoa."

Harusi ilikuwa Jumamosi ile.

Aliibeba mashine hadi kibandani, akaing'oa kebo ya buluu bila kuitazama. Akatafuta kwenye droo kadi kuukuu, ya zamani kiasi kwamba haijui mwendo wowote ila ule wa taratibu, na kebo bapa ambayo hakuna wembe uliowahi kuigusa. Aliwasha. Kimya. Kisha diski ikazunguka, ikagonga mara kadhaa, ikatulia.

"Haya," alisema. "Niambie jina lako."

Jina likaandikika kwenye kioo, sawasawa, herufi zote. Bun-hiong alishusha pumzi. Akaiamuru mwendo wa chini kabisa, neno moja moja, kama unavyomlisha mgonjwa kwa kijiko. Jedwali la kuonyesha faili iko wapi lilikuwa limeharibika, kwa hiyo ilibidi asome diski kipande kwa kipande akitafuta sauti. Mstari wa kijani kwenye kioo ulisogea, ukasimama, ukasogea.

Hapakuwa na la kufanya. Hilo ndilo jambo ambalo watu hawalijui kuhusu kazi ile. Mikono iliyozoea kuchana na kuchomea haina mahali pa kuwekwa. Ukigusa, unaharibu. Ukizima, huenda isiwake. Alikaa na mikono kati ya mapaja, akaomba, kisha akaona aibu kuomba kwa ajili ya diski, kisha akaomba tena.

Chua hakutania. Alileta chai ya maziwa, akasimama, akakuna shingo. "A-Hiong, najua ninyi watu wa kanisa hampendi mambo haya. Ila mimi mashine zangu zote zinacho." Akaweka juu ya kompyuta kifuko cha kijani cha vitafunio vya mahindi, kile ambacho soko zima huweka ili mashine iwe na tabia njema. "Cha kijani. Na tarehe nimeangalia, hakijaisha."

Siku nyingine yoyote Bun-hiong angekirudisha kwa mzaha. Siku ile alikitazama tu. Kilikaa pale mchana kutwa, na alipokiondoa jioni alinong'ona kwa Mungu amsamehe, bila kujua vizuri kosa lilikuwa kukiacha au kukiondoa.

Jumatano kipande cha kwanza cha sauti kikapatikana. Alivaa vidude vya masikioni akijua anavunja agizo. Kilikuwa kifupi. Kikohozi. Kiti kinasogezwa. Sauti ya baba yake, nzima, kubwa, karibu na sikio: "Hiki kidubwasha kinanisikia?" Na sauti yake mwenyewe, kwa mbali: "Kinasikia, Baba. Sema tu." Kisha mzee akavuta pumzi ya mtu anayetaka kuanza. Baada ya pumzi, mkwaruzo, na hakuna tena.

Alihangaika na palipobaki hadi Alhamisi mchana. Diski ilianza kugonga mfululizo. Akaizima ipumzike, akaiwasha.

"Niambie jina lako."

Chua, aliyekuwa ameegemea meza, ndiye aliyesoma kwanza. "Hilo si jina lake."

Halikuwa jina lake. Kwenye kioo palikuwa na herufi chache, jina la ukoo linalotumika kiwandani kabla diski haijapewa jina la sokoni. Diski hujibu hivyo inaposhindwa hata kujisoma yenyewe. Kila fundi wa soko lile alijua maana yake. Mpita njia mmoja aliyebeba bodi ya kompyuta mikononi aliona, akapunguza mwendo, akaenda zake.

"Wapo wale wa chumba kisicho na vumbi, wanaofungua diski," Chua alisema.

Bun-hiong aliipeleka. Walifungua, wakamwonyesha sahani kupitia kioo cha dirisha. Palikuwa na duara lililokwaruzwa, linang'aa, na unga mweusi pembeni. Kijana aliyeishika alimwuliza kwa upole kama kuna nakala.

Ijumaa alikwenda Tamsui. Siok-chin alikuwa chumbani na rafiki zake wa kike wakijaribu shela, wanacheka. Bun-hiong alifunga mlango wa chumba cha baba yake, akapiga magoti, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu utotoni.

"Baba, imeshindikana. Kebo niliichana mimi. Ningeiacha bapa, ungekuwa nayo hadi leo."

Mzee alisogeza kitabu cha nyimbo, akavuta kibao. Kisha akaandika: *Hakuna hata kidogo?*

Bun-hiong akamvisha vidude vya masikioni, akamchezea. Alimwona baba yake anajisikia anakohoa. Anajisikia anauliza kama kidubwasha kinasikia. Mabega ya mzee yakatikisika na hewa ikatoka kwenye tundu la shingo kwa mikupuo, na Bun-hiong akaogopa, kisha akaelewa kwamba anacheka. Alicheka mpaka ile pumzi ya mwisho ilipofika masikioni. Hapo aliacha. Akavua vidude, akazikunja nyaya zake vizuri, akampa.

"Mchungaji anaweza kukusomea, Baba. Andika, yeye asome."

Mzee akatikisa kichwa.

"Basi niseme mimi. Nitasema utakayoandika."

Mzee akatikisa kichwa tena. Akaandika, *Kamsaidie mdogo wako na viti*, na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yote.

Jumamosi kanisa lilijaa. Watu wa upande wa bwana harusi, ambao hawajazoea, walikaa wima wakiangalia jirani zao wanasimama lini. Bun-hiong alikuwa nyuma kabisa, kwenye meza ya vipaza sauti. Mchungaji alimaliza maneno yake, akafunga kitabu, akasita, kwa sababu hapo ndipo siku zote mzee Siau alisimama.

Mzee akasimama. Alikuwa amevaa lile koti. Akatembea hadi mbele ya binti yake, akaweka mkono mmoja juu ya shela na mwingine juu ya kichwa cha mkwe wake. Kanisa zima likainamisha vichwa kwa mazoea.

Midomo yake ikaanza kwenda. Ilisikika hewa tu ikiingia na kutoka shingoni, chini ya kitambaa. Bun-hiong aliinua kidogo sauti ya kipaza, akasikia ile hewa inatoka kwenye maspika pande zote mbili za kanisa, upepo ule ule wa kwenye simu, akaizima haraka. Hakufumba macho. Alikaza kuitazama midomo ya baba yake. Alidhani ameona jina la mama. Alidhani ameona neno moja la Zaburi. Mengine yote yalimpita. Siok-chin alikuwa ameinama, mashavu yamelowa, akingoja, kama mtu anavyongoja kwenye mlango asiojua kama kuna mtu ndani.

Iliendelea kwa muda mrefu. Mtoto mmoja akauliza kwa nguvu babu anafanya nini, akanyamazishwa.

Kisha midomo ikasimama. Mikono ikabaki pale pale vichwani. Nyuma ya meza, mwanawe aliyekuwa anajua kuziuliza mashine zote za soko zinaweza nini alimtazama baba yake na hakujua kama sala imekwisha au ni pumzi tu iliyokatika na itarudi. Na kwa kuwa kati ya watu wazima yeye peke yake ndiye aliyekuwa na macho wazi, hakuna mwingine ambaye angeweza kusema Amina kabla yake. Akafungua kinywa. Akaogopa kumkatiza. Akakifunga, na vichwa vyote vikabaki vimeinama.